Kiongozi wa Jumamosi

Siku waliyokutana, mwanamke alikuwa ametumwa balbu tu na shangazi yake. Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika, kama kawaida ya Ijumaa mchana. Mafundi rangi walikuwa wakigombania ngazi, mama mmoja akipimiwa bomba, na muuzaji juu ya stuli akiwauliza watu watatu kwa mpigo wanataka nini. Yeye alisimama kwenye foleni na gauni lake la kijivu, kitambulisho cha hospitali bado kikining'inia shingoni, akiitazama misumari bila kuiona.

"Dada, samahani. Hebu nishikie hapa."

Aliyesema alikuwa mwanamume mrefu wa ovaroli ya buluu iliyopauka magotini. Alimwekea ncha ya kamba mkononi, akarudi kinyumenyume hadi kwenye makopo ya rangi, akaivuta, akaiegemea kwa uzito wake wote. Kisha akarudi akiikunja, anatikisa kichwa.

"Hii haifai. Inarefuka kama hadithi ya mlevi." Akamtazama. "Hukuniuliza kwa nini."

"Umesema nishike."

"Na ningesema uruke?"

Alifikiri. "Ingetegemea ni juu kiasi gani."

Yule mwanamume alicheka mpaka muuzaji akageuka. Yeye hakuwa amekusudia mzaha. Alijibu alichoulizwa.

Ikawa foleni haisogei na mwanamume ni msemaji, basi akaelezwa yote kabla ya kufikia kaunta. Siku za kazi alikuwa fundi wa lifti kwenye majengo ya mjini. Jumamosi alikuwa kiongozi wa skauti, kwa kujitolea, na watoto walimwita Kamanda. Kambi ilikuwa inakaribia. Wavulana walikuwa tayari, lakini wasichana hawaendi bila kiongozi wa kike, na yule waliyekuwa naye amejifungua mapacha.

"Wewe umewahi kuwa skauti?"

"Hapana."

"Unapenda watoto?"

"Sijui."

"Unapenda nini basi, dada yangu?"

Alilitafuta jibu lake, akaona halipo. "Nimekuja kununua balbu."

"Njoo kesho asubuhi uwanja wa shule ya msingi, pale nyuma ya kituo cha zimamoto. Njoo uangalie tu. Ukituchoka unakwenda zako."

"Sawa," alisema. Kukataa kungetaka sababu, naye hakuwa nayo.

Na kweli siku hizo hakuwa na sababu ya kitu chochote. Alikuwa mpiga eksirei. Kutwa alikaa chumba chenye giza kidogo, akiwaambia watu wavute pumzi, washikilie, wapumue. Jioni alirudi nyumbani, na kwa muda mrefu nyumbani kulikuwa na baba. Alimuuguza baba yake peke yake. Alimlisha kwa kijiko, alimgeuza ubavu, alimnyoa ndevu. Mwanzoni mwa mwaka ule baba akafariki, na binti hakutoa chozi. Aliwapokea waombolezaji, akapanga viti, akahakikisha kila mtu amepata maji ya kunywa. Watu wakamsifu: huyu mtoto jabali. Shangazi yake pekee, aliyekuja msibani na kukaa moja kwa moja, ndiye hakumsifu. Alimtazama akila na kusema, "Wewe hata chumvi ikizidi huoni." Ilikuwa kweli. Alikuwa amekufa ganzi mwili mzima, anatembea.

Jumamosi akaenda. Alisimama pembeni ya uwanja na viatu vyake vya kazini. Kamanda alikuwa amebadilika: shati la kaki lililonyooshwa mpaka likakata, skafu ya kijani yenye ukingo wa njano, soksi hadi magotini kama mtoto mwenyewe. Alimpa mkono wa kushoto.

"Skauti husalimiana hivi. Kushoto ndiko kwenye moyo."

Akaupokea. Mkono wa fundi ulikuwa mgumu na wa moto, ulinukia grisi na sabuni. Hilo aliligundua, akalipita.

Watoto walimwita Dada Kimya kabla hata ya saa ya mapumziko. Alifundishwa mafundo na msichana mwembamba mwenye pengo, aliyeitwa Sisimizi kwa kuwa alibeba kila kitu kizito kuliko yeye. "Siyo hivyo, Dada Kimya. Nyoka anatoka shimoni, anauzunguka mti, anarudi shimoni." Akarudia mpaka akapata. Jumamosi iliyofuata akaja tena, na nyingine.

"Kuku mgeni hakosi kamba mguuni," Kamanda alimwambia siku alipomfunga skafu shingoni. "Sasa yako ni hii. Huendi popote."

Simu zikaanza. Kila jioni, akiwa anaosha vyombo, simu ingelia na shangazi angeipeleka jikoni akiwa ameinyanyua kama samaki. "Mtu wako wa kamba."

"Umekula?" Kamanda angeuliza.

"Nimekula."

"Nini?"

"Sikumbuki."

"Mpenzi, wewe ni ghali kweli. Neno moja lako mimi natoa ishirini."

Alimpenda waziwazi, kama alivyofanya mambo yote. Alimsubiri getini mwa hospitali amevaa shati jeupe la mikono mirefu. Alimpandisha kwa lifti hadi juu kabisa ya jengo refu alikotunza lifti, wakatazama mabati na antena na nguo zilizoanikwa. Hapo akamwambia.

"Nakupenda."

"Sawa."

Kamanda akajishika kiuno. "Nakwambia nakupenda, unaniambia sawa kama nimekutuma chumvi."

"Ungependa niseme nini?"

"Kile kilichomo."

Hakutaka kumdanganya, na ndani hakukuwa na cha kumpa. Kamanda akamvuta begani, akasema hana haraka, yeye kazi yake ni kusubiri vitu vipande na vishuke. Upepo ulikuwa mkali. Mwanamke alijua ni mkali kwa sababu nguo kule chini zilikuwa zinapigana.

Kambi ikafika. Waliweka mahema penye miti, nje kidogo ya mji, karibu na mfereji mkavu. Kamanda alifunga daraja la kamba juu ya mfereji ule, akiimba, akiwapungia watoto kutoka upande wa pili. Siku ya pili asubuhi, Sisimizi akiwa katikati, fundo la upande mmoja likateleza. Daraja likapinduka kama kitanda kilichokatika mguu, na mtoto akaenda chini.

Kilio kilikuwa kimoja, kifupi. Kamanda alifika mferejini kisha akapiga magoti palepale ukingoni, ameshika kamba, hawezi kwenda mbele wala nyuma. Aliyeteremka ni Dada Kimya. Aliutazama mkono wa mtoto ulivyokaa, akajua umevunjika kabla ya picha yoyote. Akaukaza kwa vijiti viwili, akaufunga kwa skafu yake mwenyewe, huku akisema kwa sauti ileile ya kazini, "Vuta pumzi. Shikilia. Haya, pumua." Mtoto akapumua. Sauti isiyotetemeka ilimtuliza kuliko pole zote.

Hospitalini mama yake Sisimizi alikuja mbio na kandambili za nyumbani, kitenge kimefungwa ovyo. Alipoona mwanawe amefungwa plasta na anakula biskuti, hofu ikageuka hasira.

"Nani alifunga hiyo kamba?"

Kamanda aliinamisha kichwa. Alikuwa na udongo magotini. Mama akamgeukia mwanamke aliyekuwa pembeni.

"Wewe ulikuwepo. Nani alifunga?"

"Yeye," Dada Kimya alisema. "Kamanda."

Alisema kama mtu aliyeulizwa saa. Kamanda akamtazama, halafu akayakubali yote mbele ya mama yule, akaomba radhi, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Jioni alipiga simu. Safari hii hakuuliza kama amekula.

"Uliyosema ni kweli," alisema. "Kosa ni langu. Nataka kukuuliza jambo moja tu. Uliposema 'yeye', ulihisi nini?"

Maji yalikuwa yanatiririka kwenye sinki. Akayafunga. Alitamani apate cha kumjibu. Alijipekua kama mtu anayetafuta funguo kwenye mifuko anayojua ni mitupu.

"Sikuhisi kitu."

"Hata huruma?"

"Hata huruma."

"Nimekuwa nabisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu," Kamanda alisema taratibu, bila ukali. "Kosa langu pia. Usiku mwema, mpenzi."

Tangu hapo hakupiga. Yeye alimpigia mara kadhaa. Simu iliita mpaka ikachoka. Shangazi alipika, akasikiliza kimya cha simu, akaguna.

Wazazi walikaa kikao na kuamua kikosi kiendelee, kamba zipumzike kwanza, Kamanda afundishwe upya na viongozi wa juu kabla ya kushika tena daraja lolote. Alifundishwa, akafaulu. Lakini Jumamosi haikumwona. Walitazamia kwamba yule mwanamke wa kimya ndiye angeacha, maana aliingia bila moyo. Ikawa kinyume. Mwenye moyo ndiye aliyekaa nyumbani, na asiye nao akafungua geti la shule kila Jumamosi, akapandisha bendera, akahesabu watoto, akawafundisha kufunga jeraha na kusoma ramani. Hakujua kwa nini. Mtu lazima aje, basi alikuja.

Sisimizi alirudi na plasta imejaa majina ya wenzake. Jumamosi moja mvulana mnene wa mstari wa nyuma aliulizwa skauti akipotea porini afanye nini kwanza. Akasimama wima, akapiga saluti ya vidole vitatu na kujibu, "Kwanza anakula chakula chote, ili asikibebe." Kikosi kizima kikaanguka kicheko. Na Dada Kimya akacheka. Kilitoka tu, kicheko cha kukwaruza, kama mlango uliofungwa muda mrefu. Akageuka kushoto haraka, kumtazama Kamanda kama amesikia.

Kushoto kulikuwa na ukuta.

Kitu kikamchoma chini ya mbavu. Alidhani ni kichomi. Akasubiri kipite, hakikupita. Alifika nyumbani bado ameshika ubavu.

"Kifua kinaniuma, shangazi."

Shangazi aliweka chini kisu cha vitunguu. "Kimeanza lini?"

"Watoto walipocheka. Nilitaka kumwonyesha."

"Nani?"

Shangazi akamtazama kuanzia skafu hadi viatu, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uso wake ukalegea.

"Sasa tuite daktari, au tuite fundi?" akauliza. "Maana fundi najua anapofanya kazi. Mimi simu zake nilikuwa nazipokea kwanza, tulikuwa tunaongea."

Jumatatu baada ya kazi alikwenda. Jengo lilikuwa refu, la ofisi, na chini ukumbini watu walijazana na mabegi yao wakinung'unika, kwa kuwa lifti imekufa. Mlinzi akamwambia fundi yuko huko juu, ghorofa ya tano. Akapanda ngazi. Ghorofa ya tatu miguu ilimuuma, akaona ajabu kwamba inauma.

Kamanda alikuwa amekaa sakafuni mbele ya mlango wa lifti ulioachama, tochi kichwani, mikono myeusi. Alikuwa amekonda. Alipomwona alisimama, akafuta mikono kwenye ovaroli, akakosa pa kuiweka.

"Mtoto ana tatizo?"

"Mtoto mzima. Plasta imetoka. Mama yake anasema urudi, mtoto anamsumbua kila Jumamosi."

"Siwezi." Alionyesha shimo la lifti. "Hata hizi nyaya za chuma nazikagua mara nne. Nikifika nyumbani narudi kukagua tena. Na wewe? Umetumwa?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Kufanya nini?"

Alikuwa ameyapanga maneno njiani, mazuri, ya upole. Yalipotoka yalikuwa mengine.

"Nimekukasirikia."

Kamanda akaivua tochi kichwani. "Nini?"

"Nimekukasirikia sana. Uliniita nyumba tupu halafu ukaacha kubisha. Nimekupigia hukupokea. Umeniachia watoto wote wale peke yangu, na mmoja anasema vichekesho, na nikigeuka hupo." Sauti ilikuwa inapanda, ikapasuka katikati. "Ulisema huna haraka. Baba naye alisema atangoja nirudi kutoka kazini siku ile ya mwisho. Hakungoja."

Hapo alisikia alichokisema. Akakaa kwenye ngazi, akalia. Alilia vibaya, kwa kamasi na kwikwi, kilio cha mtu asiye na mazoezi. Alimlilia baba, na kijiko, na ndevu alizozinyoa asubuhi ya mwisho. Kiliuma kila mahali, kama mguu uliolaliwa damu inapourudia.

Kamanda hakusema pole. Alishuka vidato viwili, akakaa chini yake, akaegemeza kichwa kwenye magoti yake. Walikaa hivyo mpaka kwikwi zikaanza kuachana.

"Nikikuoa," aliuliza kwa sauti ndogo, bila kumtazama, "utaendelea kunikasirikia?"

"Kila siku."

"Rudia."

"Kila siku. Na Jumamosi uje saa mbili, siyo saa tatu."

Kutoka chini kabisa, sauti ya mlinzi ikapanda ikigonga kuta. "Fundi, watu wamechoka huku. Lifti vipi?"

Kamanda aliushika mkono wa mwanamke kwa mikono yake miwili michafu, akaingiza kichwa katikati ya vyuma vya ngazi.

"Bado," akajibu. "Waambie wapande kwa miguu."