Nusu ya Korosho Kwenye Kadi ya Mteja Wangu

Ni wanaume wangapi wa Tunduru wanaoweza kupasua punje ya korosho, wakampa msichana nusu na kubaki na nusu? Swali hilo lilininyima usingizi, wasomaji wenzangu... Mnaweza kucheka, lakini mimi nililia!

Nina miaka ishirini na sita. Nina shahada ya uhasibu, kazi sina. Naishi na mama mtaa wa Ruhuwiko, na riziki yangu ni kutengeneza kadi za harusi kwa kompyuta. Kadi zangu si za maua na njiwa tu. Huwauliza maharusi kumbukumbu moja wanayoijua wao wawili, nikaichora.

Nami nilikuwa na mchumba, Bakari, mfanyabiashara wa korosho. Siku tuliyokutana stendi alitoa korosho mfukoni, akaipasua katikati, akanipa nusu. "Siku tukioana itakuwa nzima," alisema. Aliahidi kuleta posa msimu ukiisha. Nilimwamini hata nikachora kadi yetu mapema: korosho yenye nusu mbili, jina lake huku, langu kule. Nikaificha kwenye kompyuta, hata yeye sikumwonyesha.

Ndipo akaja kuagiza kadi Zuhura, mwalimu mgeni anayeishi mtaa wa Mjimwema. Alimwamkia mama shikamoo kwa adabu mpaka mama akamwekea chai. Nikamuuliza kumbukumbu yao. Akatabasamu. "Nichoree korosho, dada. Nusu yangu, nusu yake."

Nikauliza jina la bwana harusi. Akasema majina yatakuja baadaye, wazee wa upande wa bwana harusi kule Tunduru bado wanajadiliana nani aandikwe kuwa mwalikaji.

Nikaanza kumhoji kwa kisingizio cha kadi. Mwenzako anakuitaje? "Mwalimu." Bakari huniita Msomi. Nikashusha pumzi... Kisha nikawaza, Mwalimu, Msomi, si ni mdomo uleule? Yuko wapi sasa? Tunduru, anapima korosho. Bakari naye alikuwa Tunduru. Lakini nani asiyepima korosho kule?

Tatizo ni kwamba kila mtu ananijua kwa kuwaza kupita kiasi. Mama huniambia, "Utamkimbiza mtoto wa watu kwa maswali yako." Nami niliamini huo ni ugonjwa wangu tu.

Nikampigia Bakari, nikamsimulia kama utani habari ya mteja anayetaka korosho kama yetu. Akacheka sana. "Msomi, umeanza tena! Wewe hata paka akipita unamtilia shaka. Tunduru nzima ni korosho!"

Nikacheka naye. Nikamwomba msamaha... Mimi ndiye niliyeomba msamaha!

Asubuhi Zuhura akapiga simu. "Samahani, dada. Mwenzangu ghafla haitaki ile korosho. Tena eti nitafute fundi mwingine. Nimekataa, nimeshakuzoea. Tuweke maua tu."

Wasomaji, habari ya korosho ile nilikuwa nimemwambia mtu mmoja tu duniani.

Nifanyeje? Nichore maua, ninyamaze, nisubiri posa isiyokuja? Au niseme, niitwe mwenye wivu? Nilizunguka chumbani mpaka kichwa kikauma. Mwishowe nikamchorea Zuhura maua yake, nikamwambia aje aone sampuli.

Alipokaa, nilimfungulia kadi yangu mwenyewe. Akasoma jina la Bakari, akasoma langu. Tabasamu likamkauka usoni.

"Na wewe alikwambia msimu ukiisha?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ndiyo."

Akalia, nami nikalia. Mama aliingia na chai, akatukuta tumeshikana mikono, akarudi nayo jikoni.

"Angesema tuko wawili, ningejua la kumjibu," alisema Zuhura akijifuta machozi. "Kwa nini anifiche?"

Nikampigia Bakari, nikaweka spika. Nikamwambia mimi na mteja wangu tumelinganisha korosho zetu.

"Msomi, umeanza tena kuwaza?"

Zuhura akainama kwenye simu. "Leo tunawaza wawili."

Simu ikakatika.

Dada zangu, nawasihi, mtu akikujibu kwa kukucheka, usimwombe msamaha kama mimi. Rudia swali lako! Hofu zangu nyingi ni za bure, nakiri, lakini hii haikuwa ya bure, na nusura niizike kwa sababu tu aliyeihisi ni mimi.

Siku hiyohiyo Zuhura alivunja uchumba, nami nikaizuia namba ya Bakari. Kisha tukafuta kadi zote mbili. Yangu aliifuta yeye, yake nikaifuta mimi.