Maestro Ametoka Kwenye Mkanda

Mkanda ule ulikuwa wa dakika kumi na moja. Gerlinde alijua, maana ndiye aliyeusafisha na kuandika urefu wake kwenye kopo. Lakini Jumanne asubuhi, katika hifadhi ya filamu aliyofanyia kazi pale Vienna, ulikwenda dakika kumi na mbili.

Yalikuwa mazoezi ya mwaka 1958. Maestro Ottokar Wessenthal, ambaye watu walimvulia kofia akipita, alikuwa akiongoza okestra yake. Katika dakika iliyozidi alisimamisha muziki, akamnyooshea kijiti chake cha kuongozea kijana mpiga klarineti.

"Tena," alisema kwa upole.

Chumba kikajaa harufu ya marashi ya kiume. Gerlinde akazima mashine iliyokuwa ikimulika picha ukutani.

Alasiri simu ikalia.

"Nani hapo hifadhini anaucheza mkanda wa Wessenthal?" Ilikuwa sauti ya mzee, inahema. "Mimi Pichlbauer. Ndimi yule kijana wa klarineti. Tangu asubuhi ananiita, binti. Pumzi inanikatika."

"Anakuita vipi?"

"'Tena, tena.' Siku ile alinirudisha mara arobaini mbele ya wenzangu, mpaka nikatapika. Tafadhali, uzime."

"Nimeshauzima, mzee," Gerlinde alinong'ona. Kisha akageuka, na ukutani, ingawa taa ya mashine ilikuwa imekufa tangu saa nne, Maestro alikuwa amesimama bado, kijiti juu, akimsubiri mtu aanze, na jasho lilikuwa likimtiririka hadi kwenye kola, na Gerlinde akalisikia likidondoka sakafuni, tone baada ya tone.

Kesho yake Pichlbauer alikuja kwa tramu, miaka themanini na tisa, skafu hadi masikioni, kisanduku kwapani.

"Twende hospitali, mzee. Midomo imekuwa ya bluu."

"Hospitali wataniuliza naumwa nini. Niseme nini, naumwa Maestro?"

Akaketi mbele ya ukuta, akaunga klarineti yake. Kijiti kikamwelekea.

"Tena."

Mzee akapiga. Akakosea palepale alipokosea ujanani. Akarudia, akakosea kwa makusudi, kwa sauti kubwa zaidi, kama bata anayekanyagwa. Katika mkanda mpiga ngoma akacheka. Wakafuata wa fidla, kisha okestra nzima.

Maestro akavunja kijiti gotini, akashuka jukwaani, akatoka nje ya picha.

Pichlbauer akavuta pumzi ndefu. "Miaka yote hii! Kumbe kuchekwa tu ndiko alikokuwa akiogopa. Una kahawa, binti?"

Gerlinde alicheka huku akilia. Akainuka kuifuata kahawa, akatupa jicho ukutani. Wanamuziki walikuwa wameacha kucheka. Wote wamenyamaza, mikono magotini, wakiutazama mlango ulio nyuma yake.

Marashi yaliingia kwanza. Kisha kitu chembamba, cha mti, kikagonga mlango mara tatu, taratibu, kama mtu anayeomba ukimya.