Sahani ya Dereva

Sahani ya Dereva ilirudi jikoni imelambwa.

Mkamwana aliigeuza huku na huku, mtoto mgongoni, akakasirika kabla hata ya kuogopa, kwa sababu chakula kile alikipika yeye na alijua si cha kuliwa. Kila sikukuu ilikuwa hivi katika nyumba ile. Mama mkwe anapakua sahani mbili za watoto wake wasiokuja, ya Dereva wa malori na ya Nesi, anaziweka mbele ya viti vyao vitupu, anawaita kwa majina kamili, "Karibu mwanangu, kaa ule," na jioni chakula kinamwagiwa kuku. Wawili hao hawajakanyaga pale tangu msiba wa baba yao, walipogombana na kaka yao, mume wa mkamwana, mbele ya waombolezaji, kila mmoja akidai ndiye aliyemuuguza mzee peke yake.

"Mama, nani kala hiki?"

"Mwenyewe," mama mkwe alijibu, akitabasamu kama bibi harusi.

Mkamwana akaenda kukigusa kiti cha Dereva. Kilikuwa na joto, na pale mezani palinuka nywele zilizoungua.

Mganga aliyeitwa asubuhi iliyofuata hakuvuka hata kizingiti. Alinusa, akarudi nyuma.

"Mmemkaribisha jini kwa jina la mtu," alinong'ona. "Basi mwenye jina ndiye wa kumtoa. Dawa zangu mimi hapa ni maji matupu."

Mkamwana akampigia Dereva, hakupokea, akapiga tena, hakupokea, akamwachia ujumbe wa sauti. "Shemeji, mamako anaongea na kiti, na kiti kinakula. Kama una haya hata kidogo, nipigie."

Mchana, sikukuu ya pili, mumewe bado yuko zamu, na mama mkwe, mkaidi yule, akapakua tena na kuita tena. Mkamwana akamkalisha mtoto mkekani, akaenda kuchota maji ya kunawa. Aliporudi, Dereva alikuwa ameketi kwenye kiti chake.

Ni yeye kabisa, kovu la kwenye nyusi, kitambi, shati la kazi lenye madoa ya oili. Amempakata mtoto.

"Pole na mapishi, shemeji," alisema kwa upole. "Mama, nisamehe. Ndugu yangu nilimwonea. Yeye ndiye aliyemuuguza baba."

Mama mkwe alikuwa analia kwa raha, na mkamwana amesimama na jagi lake, akaona mlango wa mbele bado una komeo, na nje hakujanguruma lori lolote, na huyu Dereva, ambaye hajaomba mtu msamaha tangu azaliwe, anatafuna bila sauti, hata meno hayagongani, na ile harufu ya nywele inapanda mpaka macho yanawasha, na mtoto, mtoto ambaye hatulii hata akiwa usingizini, ametulia kwenye kifua kile kama nguo iliyotundikwa, midomo inageuka kijivu.

Simu ikaita. Dereva.

"We mwanamke," sauti ilifoka, "unaniachia mambo ya kichawi siku ya sikukuu, umerogwa au umeshiba?"

Mama mkwe aliisikia. Akaitazama simu, akamtazama aliyeketi, na wala hakushtuka. Alijua. Alijua tangu jana.

"Kata hiyo simu," alinong'ona.

"Mama, mwanao ndiye huyu anayeongea."

"Huyo hunitukana. Huyu ameniomba radhi. Kata, mwanangu, nakusihi."

"Amemshika mtoto wangu."

"Amempakata tu."

Hasira zilimpanda mkamwana. Akaweka simu kwenye spika, sauti ya mwisho, akaisukuma mezani.

"Shemeji, kuna mtu kakalia kiti chako. Anasema wewe baba hukumuuguza."

"Nani huyo? Nani kasema? Mimi ndiye niliyekuwa namgeuza kitandani, mimi! Mwambie ainuke. Ainuke kwenye kiti changu, mshenzi mkubwa, atoke nyumbani kwetu!"

Aliyeketi aliacha kutafuna. Uso ukalegea, ukaning'inia kama karatasi iliyolowa, ukayeyuka pamoja na shati na kitambi, na mkamwana akamdaka mtoto kabla hajafika sakafuni. Mtoto akavuta pumzi, akalia. Kilio kitamu.

"Mama yuko wapi?" simu iliuliza, sasa kwa sauti ya chini. "Amekunywa dawa zake za presha?"

"Muulize mwenyewe," mkamwana alisema. "Na kuanzia leo utampigia kila wiki. Foka, tukana, lakini piga. Ninyi mnanuniana, mwanangu ndiye anayepakatwa na majini."

Mama mkwe hakuitazama simu. Alikuwa amekigeukia kiti cha pili, anatabasamu. Kwenye sahani ya Nesi, kijiko kiliinuka polepole.

"Shemeji, usikate. Nipe namba ya wifi yangu, Nesi. Upesi."

"Sina," Dereva alisema. "Niliifuta siku ile ya msiba."