Bahasha Zilizoshonwa

Kila alipotoka shule, Karani alivua viatu mlangoni, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, ndipo akaruhusiwa kugusa vitambaa. Mama yake alikuwa mshonaji, na cherehani yao ilikaa barazani penye mwanga. Mama alikata na kushona. Binti alipunguza nyuzi zilizoning'inia, akatia vifungo, na juu ya yote akaandika, kwa sababu mama hakuwa mtu wa kalamu. Kiuno, mabega na urefu wa mikono ya kila mteja viliingia daftarini kwa mwandiko wa mtoto. Majirani walipoona hivyo, nao wakaleta barua zao waandikiwe. Ndipo wakamwita Karani, na jina likamganda hata darasani.

Alikuwa na miaka kumi na miwili, na alipenda kuandika kuliko kula. Hilo ndilo lililomponza.

Siku moja tangazo lilibandikwa ukutani pa duka la daftari. Lilisema kuna Shindano Kuu la Hadithi kwa Watoto. Hadithi ya mshindi ingechapishwa kitabuni, naye angelipiwa ada ya shule kwa mwaka mzima. Kila mshiriki alipe kiingilio, na noti iwekwe chini kabisa ndani ya bahasha, pamoja na hadithi, kisha bahasha ifungwe barabara. Matokeo yangetoka baada ya mwezi mmoja. Mwishoni, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba atakayeleta wenzake kumi na watano atashiriki bure.

Karani aliusoma mstari ule mara tatu. Nyumbani kiingilio hakikuwepo. Mama alipoombwa alisema, "Mwanangu, mwezi huu wateja wamelala. Shindano litatusubiri."

Lakini Karani hakutaka kusubiri. Kesho yake alisimama mbele ya darasa, akalinadi shindano lile kama mtu anayeuza nguo za mnada.

"Na hadithi zote hizo atasoma nani?" akauliza msichana aliyeitwa Pilipili kwa ukali wa ulimi wake.

"Majaji."

"Majaji gani?"

"Wewe nawe. Majaji ni majaji. Unataka nikuletee na picha zao?"

Darasa zima likacheka, na swali likafia palepale.

Wanafunzi kumi na sita wakaandika. Pilipili alitoa fedha aliyokuwa akiidunduliza ashonewe sketi mpya ya shule, maana ya zamani ilikwisha kumbana. Mvulana mrefu mwembamba, waliyemwita Rula, aliuza njiwa wake wawili. Rula aliandika juu ya mdogo wake aliyefariki, habari ambayo hakuwahi kumsimulia mtu yeyote, na alipompa Karani karatasi zile alisema, "Usisome. Waachie majaji."

Siku ya kupeleka, gundi ilikuwa imekwisha. Karani akaona afadhali azipige bahasha zile cherehani. Akatia uzi mwekundu, akaishona midomo ya bahasha zote kumi na saba, na yake ikiwemo.

"Sindano ya nguo unaipitisha kwenye karatasi?" mama akasema. "Itakuwa butu kama kijiko." Lakini alimwacha amalize, kwa kuwa alimwona jinsi uso ulivyomng'aa.

Ofisi ya shindano ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Aliyempokea alijiita Mratibu. Viatu vyake viling'aa, na mfukoni alikuwa na kalamu tatu.

"Binti, watoto kama wewe ni hazina," alisema, na akaendelea kumpaka mafuta hivyo mpaka Karani akahisi kichwa kinavimba. Huku akisema, aliziminyaminya bahasha upande wa chini, mojamoja, kama mtu anayechagua nyanya. Hakuuliza jina la hadithi hata moja.

Kwenye ngazi, wakati wa kushuka, Karani alikutana na dada mmoja msusi, aliyesukia wateja wake katika chumba cha jirani.

"Umepeleka hadithi?" dada akauliza.

"Ndiyo, dada."

"Mimi nilipeleka miaka minne iliyopita, nikiwa darasa kama lako. Nimemaliza shule, nimejifunza kusuka, nimepata na wateja wangu. Mshindi bado hajatajwa."

"Labda hukushinda."

"Labda. Basi alishinda nani?"

Karani akageuka kutazama juu. Angeweza kupanda tena ngazi zile, kwani bahasha zilikuwa bado mezani. Lakini mle ndani mlikuwa na hadithi yake, tena iliyoingia bure. Akasema moyoni kwamba msusi yule ana wivu tu. Akaenda zake nyumbani, na maneno yale hakumwambia mtu.

Mwezi ukapita, ukapita wa pili, ukaingia wa tatu. Kila Karani alipopanda kuuliza, Mratibu alimjibu kwamba majaji wana kazi nyingi. Darasani minong'ono ikaanza. Mwisho Pilipili akayasema waziwazi.

"Tunajuaje kama bahasha zilifika? Sisi tulitoa fedha. Mwenzetu hakutoa hata senti. Na fedha zetu tulimpa nani mkononi?"

"Nilizipeleka," Karani akasema.

"Nani alikuona?"

Hakuna aliyemwona. Toka siku hiyo walimwita Bibi Kiingilio. Aliyekaa naye dawati moja akahamia nyuma. Siku moja walipotoka mapumziko walikuta ubaoni pameandikwa: Ficheni kalamu zenu, Bibi Kiingilio anapita. Rula hakumtania. Alimtazama tu, na macho yale yalimuuma Karani kuliko maneno ya Pilipili.

Kisha maneno yakafika barazani. Mteja mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake kabla hakijakatwa. "Nisamehe, mama," alisema, "lakini nasikia nyumba hii kuna mtoto ana mkono mrefu."

Mama hakubishana naye. Alikikunja kitambaa vizuri, akampa. Yule alipokwisha kuondoka, alimwita binti yake.

"Nitazame. Ulichukua?"

"Hapana, mama. Naapa."

"Usiape, sema tu."

"Sikuchukua."

Mama alirudi kuketi kwenye cherehani. "Nimekuamini. Lakini kuna kitu umekikalia. Siku utakayochoka kukikalia, utaniambia."

Jumamosi ile Karani alitumwa sokoni kununua uzi na karanga za kukaanga. Mama muuza karanga alikuwa kwenye kigoda chake, gunia la karatasi kuukuu pembeni. Ilikuwa desturi yake kununua karatasi zilizotumika, akazikunja kama faneli, akatia karanga humo. Siku hiyo alikuwa ameshika kiwembe, na alikuwa ananung'unika.

"Sijui mwehu gani huyu aliyeshona bahasha kama anashona foronya. Nakata uzi toka asubuhi, vidole vimekwisha."

Karani akaangalia. Uzi ulikuwa mwekundu.

Aliitwaa bahasha moja guniani kwa yule mama bila hata kuomba. Mdomo wa juu ulikuwa vilevile alivyoushona yeye, mshono haujaguswa. Lakini upande wa chini ulikuwa umekatwa kwa mkasi, tundu la upana wa vidole viwili, la kutosha kuchomoa noti. Akachungulia tunduni. Hadithi ilikuwa bado mle ndani, imekunjwa mara nne kama ilivyowekwa. Juu ya bahasha paliandikwa jina la Rula.

"Shangazi, hizi umezipata wapi?"

"Kwa yule bwana wa ghorofani, mwenye viatu vya kumeta. Huniuzia kwa kilo kila muhula. Karatasi zake nzuri, zimeandikwa upande mmoja. Kwani vipi, mwanangu? Mbona unalia?"

Karani alikuwa analia, lakini kwa hasira. Kama majaji wangesoma na kusema hazifai, angemeza. Lakini hakuna aliyesoma. Rula aliuza njiwa wake, akaandika habari za mdogo wake, na mtu mzima mwenye kalamu tatu mfukoni akachukua noti, habari za marehemu akazipeleka zikafungiwe karanga.

Alirudi nyumbani mbio, akamwambia mama yote. Hata yale ya msusi akayatoa, ingawa hayo yalimtoka kwa shida kama mwiba.

Mama alisimamisha cherehani. Aliinamisha kichwa, midomo ikamchezacheza katika sala fupi. Kisha akaenda ndani, akavaa viatu vyake vya kwendea ibada.

"Tunakwenda wapi, mama?"

"Kwa mwalimu wako kwanza. Halafu tutapanda ngazi hizo."

Walipanda watu wanne: mama, mwalimu, Karani, na muuza karanga, waliyempitia sokoni, akiwa na gunia lake kichwani, maana alisema hawezi kuambiwa amenunua vitu vya watoto waliodhulumiwa akabaki amekaa. Juu walikuta wazazi wamejipanga na watoto wao, bahasha mikononi. Shindano jipya lilikuwa limeanza.

"Karibuni, karibuni," akasema Mratibu. Alipoliona gunia, tabasamu likamkauka.

Mwalimu akamwambia kwa upole, "Tumekuja kujua matokeo ya muhula uliopita."

"Majaji bado wanaendelea na kazi."

"Wanasoma nini?" mama akauliza. "Maana hadithi tumekuja nazo sisi."

Muuza karanga akalitua gunia. Bahasha zikamwagika sakafuni.

"Hizo..." Mratibu akakohoa. "Hizo ni zile ambazo hazikufika fainali, mama yangu. Zilisomwa, zikaonekana ziko chini ya kiwango."

Karani alikuwa nyuma ya mama yake. Aliokota bahasha ya Rula, akaiinua wazazi wote waione.

"Uzi huu niliushona mimi kwa cherehani ya mama. Haujakatwa. Hapa chini ndipo palipokatwa, ilipokuwa fedha. Mlisomaje hadithi bila kufungua?"

Mzazi mmoja aliyekuwa mbele ya foleni akairudisha noti yake mfukoni.

"Bwana," akasema mzazi huyo, "tutajie mshindi mmoja tu. Wa mwaka wowote unaoutaka."

Mratibu akatazama mlango. Lakini muuza karanga alikuwa ameshatandika gunia kizingitini na kulikalia, na mwili wake haukuwa wa kurukwa.

"Mimi nilidhani unaniuzia takataka," alimwambia. "Kumbe takataka ni wewe. Miaka yote hii umenifanya niuze karanga ndani ya machozi ya watoto."

Fedha za darasa zilitoka kwenye droo siku ileile, mbele ya mashahidi. Mwalimu hakuridhika na hilo. Aliita polisi, akaandika maelezo, na dada msusi akaja kutoa ushahidi wake na wa wenzake wa wakati ule. Ofisi ile ikafungwa, na mwenye kalamu tatu akapelekwa kujibu.

Jumatatu Karani alisimama tena mbele ya darasa. Alimrudishia kila mtu fedha yake, na bahasha yake kwa waliokuwa nazo. Nne zilikuwa zimekwisha kuchanwa na kwenda na karanga, na mojawapo ilikuwa ya kwake.

"Nina jambo jingine," alisema. "Siku niliyozipeleka, dada mmoja aliniambia kwamba mshindi hajawahi kutajwa. Ningeweza kuzirudisha saa ileile. Sikurudi, kwa sababu yangu ilikuwa imeingia bure. Nisameheni."

Pilipili akakuna kichwa.

"Tulikuita mwizi, na hukuwa mwizi," akasema. "Ulikuwa umenyamaza tu. Sijui lipi linaniudhi zaidi." Akasogea kwenye dawati lake. "Njoo ukae hapa. Lakini siku nyingine nikikuuliza majaji ni nani, usinichekeshee watu."

Rula alishika bahasha yake kwa muda. Kisha akaenda mezani, akampa mwalimu. "Isome wewe, mwalimu. Isome kwa sauti."

Mwalimu akaukata uzi, akasoma. Ilikuwa hadithi fupi, kurasa mbili tu, na alipomaliza alilazimika kuvua miwani. Hakuna aliyepiga makofi. Mmoja baada ya mwingine walimwendea Rula, wakamshika bega.

Jioni, barazani, Karani alikuwa akitia vifungo kwenye shati. Mama akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Yule bwana amewaibia watoto mara mbili," alisema. "Amechukua fedha yao, na amechukua imani yao kwamba kuna mtu anawasoma. Hiyo ya pili ndiyo dhambi kubwa, na ataijibu hapa na huko mbele ya Mungu. Lakini wewe, mwanangu, shaka ilikujia pale kwenye ngazi, ukaifunika kwa sababu ya faida yako. Mtu anayetaka kazi yako na fedha yako kwa pamoja, muulize nani ataisoma, atajibu lini, na aliyeshinda mara ya mwisho anaishi wapi. Mkweli hachukii kuulizwa. Akikasirika, shika mkoba wako uondoke, na njiani uwaambie wenzako."

"Hata kama naogopa kupoteza nafasi, mama?"

"Ogopa," mama akasema, akaanza tena kukanyaga cherehani. "Lakini uwaambie."