Mkono wa Msabah Unarudi Kazini

"Mkono ule ukivutwa utachanika! Nimesema mie, utachanika!"

"Na ukikaa vile utakauka kama kuni, Bi Mwanakheir! Mwanamme mzima, miezi minne kajifunga kanga kama mwanamke mzazi!"

Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, kwenye ngazi za ghorofa ya pili, Michenzani. Bi Mwanakheir wa mlango wa kushoto kashika ufagio. Saadiya wa mlango wa kulia kashika beseni la nguo. Juu na chini milango ishafunguliwa, maana katika jumba lile ugomvi haupiti bila ya mashahidi.

"Tajiri yake kamtaka kazini Jumatatu," alisema Saadiya. "Idi ya Mfunguo Tatu imebaki miezi miwili. Halwa nani ataikoroga? Wewe?"

"Asirudi kabisa! Akauze maji, akauze kashata. Moto ushamtafuna mara moja, unataka ummalize?"

Aliyekuwa akigombaniwa alikuwamo ndani, mlango wa katikati. Alisikia kila neno.

Jina lake Msabah. Kazi yake kukoroga halwa. Kwa miaka kumi na moja alikuwa katika kiwanda kidogo cha Mzee Abdulhakim, kule Amani. Halwa haina mchezo. Hukorogwa kwa mwiko mrefu kama kafi ya ngalawa, saa mbili au tatu, bila ya kusita. Siku ya ajali Msabah alikuwa peke yake kwenye sufuria. Mwiko uliteleza. Sukari inayochemka ikamrukia mkono wa kulia, kuanzia kiganjani mpaka juu ya kiwiko.

Alilazwa wiki tano. Kidonda kikafunga. Hospitali wakamwambia aende kwenye mazoezi ya viungo kila wiki. Alikwenda mara moja tu. Yalimuuma, akarudi nyumbani machozi yanamlenga.

"Hao wanakuchana," Bi Mwanakheir alimwambia siku ile. "Pumzisha mkono. Tena ufunike. Macho ya watu yana hasadi."

Basi Msabah aliufunga mkono kwa kanga ya mkewe, kiwiko kimekunjwa, mkono umelala kifuani. Ukikunjwa hivyo hauumi.

Lakini alikuwa na siri. Hakumwambia mtu, hata mkewe Kazija. Mkono ulikuwa haukunjuki tena. Kila asubuhi aliujaribu chini ya shuka, na kila asubuhi ulikuwa umekaza zaidi ya jana. Kama kwamba ndani ya ngozi kuna mtu anavuta uzi. Aliogopa kurudi kazini, na aliogopa zaidi kwamba hatarudi tena.

Ugomvi ulipohamia chini kwa mwenye duka, Msabah alivaa shati.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Kazija.

"Nnakwenda hapo tu."

Alikwenda Amani. Kiwandani moto ulikuwa ushawashwa, na sukari ndiyo kwanza inaanza kuchemka. *Blu, blu, blu.* Msabah alisikia sauti ile kabla hajavuka mlango. Akasimama kizingitini.

"Alhamdulillahi!" Mzee Abdulhakim alifurahi. "Mtu wangu karudi! Haya, shika mwiko kidogo, tukuone."

Msabah aliona haya kukataa. Aliifungua kanga, akashika mwiko, akausukuma. Mkono ukaishia katikati ya sufuria. Ng'ambo ya pili haukufika. Aliinama ili aufikishe, na uso wake ukakaribia mvuke. Tone moja la sukari likaruka, likatua ukingoni.

Tone moja tu. Msabah aliuachia mwiko, akatoka mbio. Hakusimama mpaka Michenzani.

Alikaa kwenye ngazi anahema. Hapo akapita Nassra, mpangaji mpya wa ghorofa ya nne. Alikuwa kahamia wiki ile, na jumba zima lilikuwa lishajua kwamba anafanya kazi hospitali. Lakini anafanya kazi gani hasa, hilo lilikuwa bado linachunguzwa.

"Bwana Msabah, una nini?"

"Sina kitu."

Nassra aliutazama mkono. Akakaa ngazi moja chini yake. "Mie kazi yangu ni mazoezi ya viungo. Huo mkono unakunjuka?"

Msabah alitazama juu na chini ya ngazi. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Haukunjuki. Usimwambie mke wangu."

"Nshasikia," alisema Kazija. Alikuwa kasimama mlangoni nyuma yao. Na nyuma ya Kazija, bila shaka, alikuwapo Bi Mwanakheir na ufagio wake.

Waliingia ndani wote. Nassra aliutazama mkono kwenye mwanga wa dirisha.

"Sikilizeni," alisema. "Kidonda cha moto kikifunga, kazi haijesha. Kovu linaendelea kujikaza, mwaka mzima au zaidi. Ukiukunja mkono unaona raha, kwa sababu ngozi haivutwi. Lakini kovu nalo linakaa papo hapo ulipoliweka. Ile raha ndiyo inayoufunga mkono."

Msabah aliupapasa ule mkono. "Basi nshachelewa?"

"Umechelewa, lakini kovu bado bichi, linasikia. Ungengoja miaka, pengine ingebaki kupasuliwa tu. Jumatatu twende kwa daktari akutazame kwanza."

"Na ukichanika?" aliuliza Bi Mwanakheir. Safari hii hakupiga kelele. "Kaka yangu naye aliungua, kidonda chake kikafunguka, Nassra. Nlikiona kwa macho yangu."

"Pole, Bi Mwanakheir. Kuogopa kwako kuna sababu. Ngozi kuvuta ni sawa, hata ikiuma kidogo. Kidonda kikifunguka, kikitoa usaha, au akipata homa, hapo anasimama na anakuja hospitali. Tofauti ni hiyo."

"Na hasadi je?"

"Dua zako msomee. Lakini mkono unyooshwe."

Jumatatu daktari aliwakubalia. Msabah alipewa gango, yaani kibao chepesi cha kuushika mkono ulionyooka wakati wa kulala. Nassra alimwonyesha mazoezi. Kila baada ya sala, mara tano kwa siku, alipaka mafuta yasiyo na manukato, akalisugua kovu taratibu. Kisha aliulaza mkono juu ya meza, akaunyoosha mpaka ngozi ivute, akahesabu polepole mpaka thelathini. Nassra aliweka alama ya chaki pale vidole vilipofika.

Siku za mwanzo Msabah alihesabu meno yameuma midomo. Kila ngozi ilipovuta, alidhani ndiyo inapasuka. Alitazama. Haikupasuka. Kesho akaogopa vilevile.

Jumba nalo likapata kazi. "Msabah, ushanyoosha?" Saadiya alipiga kelele kutoka uani. "Chaki imefika wapi?" akauliza mwenye duka. Habari ya chaki ilizunguka ghorofa zote, na siku iliposogea upana wa kidole kimoja, watu walipeana mikono.

Tatizo likabaki kazi. Nassra na Msabah walikwenda kwa Mzee Abdulhakim na barua ya daktari.

"Mie nlidhani mtu ama karudi ama hajarudi," alisema mzee.

"Kuna katikati, mzee," alisema Nassra. "Aanze saa mbili kwa siku. Asikae karibu na moto. Kila wiki tutazame tena."

"Na mie mzee nnaogopa," alisema Msabah. Ilimtoka tu. "Sufuria ikichemka, mwili wote unatetemeka."

Mzee Abdulhakim aliikunja barua. "Hata mie. Tangu siku ile kila nikisikia kelele nadhani ni wewe. Nlikosea kukuacha peke yako kwenye sufuria. Sasa wakorogaji watakuwa wawili kila mara, wamevaa nguo nzito za mikono mirefu."

Wiki ya kwanza Msabah alipima wanga na kutwanga iliki. Wiki ya pili alipakia halwa kwenye vikapu. Wiki ya tatu alikoroga sufuria baridi yenye maji, mbali na jiko. Kila siku alisogea hatua moja kwenye moto, akasimama, akapumua mpaka mwili utulie. Siku mbili alishindwa, akarudi nyuma. Hakuna aliyemcheka.

Wiki ya nane, sikukuu imekaribia, mkono ulinyooka. Si wote. Ulibaki mkunjo mdogo ambao Nassra alisema wataendelea nao. Siku hiyo Msabah alikoroga halwa ya moto kwa robo saa, mwenzake kando yake, kisha akapokewa.

"Bado nnaogopa," alimwambia Nassra mchana ule aliporudi.

"Ogopa. Moto wa kuogopwa. Ilimradi hofu ikae nawe, isikufunge mikono."

Kazija alikuwa kapika wali wa nazi na mchuzi wa pweza. Nyumba ilijaa. Saadiya keshakaa karibu na sinia, akieleza robo saa ile kama kwamba alikuwapo. Bi Mwanakheir peke yake alibaki nje, anafagia ngazi iliyokwisha kufagiwa.

"Bi Mwanakheir!" aliita Msabah.

"Naam."

"Karibu chakula."

"Starehe, mwanangu. Nshakula."

"Huyo hajala!" alisema Saadiya. "Tangu asubuhi nasikia mwiko wake uko kimya!"

Bi Mwanakheir alisogea mpaka kizingitini, macho chini. "Mie ndiye niliyekufungisha kanga, Msabah."

"Ulinionea huruma, Bi. Mie niliifunga mwenyewe." Alilisukuma sinia juu ya mkeka kwa mkono wa kulia, mpaka likafika mlangoni alipokuwa amesimama Bi Mwanakheir. "Acha ufagio. Ingia ule."