Upepo Ulipogeuka Ijara

Gelle aliuza nguo mtaa wa Waberi, mjini Garissa, kwa miaka kumi na minane. Kisha alichoka na soko. Alinunua mbuzi na ngamia mmoja, akahamia malishoni karibu na Ijara. Mkewe Hinda alifurahi, maana yeye alizaliwa kwenye mifugo.

Gelle alijifunza kuchunga. Alijifunza kukamua. Mambo ya mvua hakujifunza, kwa sababu tangu ahamie mvua yenyewe ilikuwa adimu. Utajifunzaje kwa mwalimu asiyekuja darasani?

Mwezi wa nne, wingu kubwa jeusi lilisimama upande wa mashariki. Tangu adhuhuri upepo ulivuma kuelekea kwenye wingu lile. Alasiri upepo ukatulia. Halafu ukageuka ghafla. Sasa ulitoka kwenye wingu, ukiwa na vumbi na baridi.

"Umegeuka!" Gelle alisema. "Mvua imetukimbia. Mwaka jana ilikuwa hivi hivi, mara mbili. Tuhame, tuifuate huko iliko."

"Marehemu baba, upepo ukigeuka, alikuwa anakaza kamba za nyumba," Hinda alisema.

"Kwa nini?"

Hinda alitikisa kichwa. Hakujua. Baba yake hakuwahi kusema.

Nyumba yao ilikuwa ya fito na mikeka, nyumba ya kufunguliwa na kubebwa na ngamia. Waliifungua. Walipofunga mkeka wa mwisho juu ya ngamia, mvua iliwaangukia.

Iliwanyeshea mpaka magharibi. Mbuzi walikuwa wamekonda kwa ukame, na sasa walitetemeka bila mahali pa kujikinga. Kumi na mmoja walikufa kwa baridi.

Hinda alilia. "Miaka mitatu tunaiomba mvua," alisema. "Kiangazi kimewaacha hai, mvua imewaua!"

Gelle alihesabu. Walibaki mbuzi ishirini na wawili. Hao wakifa, hakuna maziwa, na watarudi mjini mikono mitupu.

Siku ya tatu, nyumba ikiwa imesimamishwa tena pale pale, alifika Naimo, afisa wa mifugo, kwa pikipiki. Aliwapa pole. Aliwachunguza mbuzi mmoja mmoja. Kisha aliketi karibu na moto, Hinda akampa chai.

"Naimo, mimi nimechanganyikiwa," Gelle alisema. "Hii upepo iko na nia ngapi? Mchana inaenda kwa wingu. Jioni inatoka kwa wingu. Wallahi, sielewi."

"Adeer, tazama moshi," Naimo alisema. Alimwita adeer, yaani baba mdogo, kwa heshima. "Unaenda wapi?"

"Juu."

"Hewa ya moto ni nyepesi, inapanda. Jua likichoma ardhi, hewa inapanda hivyo hivyo. Nyingine inaingia kutoka kando kushika mahali pake. Huo ndio upepo wako wa mchana, unaoenda kwa wingu."

"Na hilo wingu linatoka wapi?"

"Upepo unaleta mvuke wa bahari. Mwezi wa nne, pepo za kaskazini na pepo za kusini zinakutana juu ya nchi yetu. Zinasukumana. Hazina pa kwenda ila juu. Huko juu kuna baridi, mvuke unakuwa matone. Ndilo wingu."

Gelle alikuna kichwa. "Haya. Sasa kwa nini upepo unageuka?"

Naimo alichukua kikombe cha maji. Aliyamwaga yote chini, kwa nguvu, hatua moja kutoka kwa Gelle.

"Maji yangu!" Gelle aliruka.

"Nimemwaga pale, adeer. Mbona vidole vyako vimelowa?"

Gelle alitazama miguu yake. "Yamegonga chini, yakaruka huku na huku."

"Basi. Matone yakiwa mazito, yanaanguka na kuvuta hewa baridi chini. Hewa hiyo inagonga ardhi na kusambaa pande zote. Inakufikia kabla ya mvua. Upepo ukigeuka ukawa baridi, mvua haijakimbia. Iko mlangoni."

"Lakini mwaka jana upepo uligeuka, na mvua haikuja!"

"Kweli. Pengine wingu linakufa njiani, au linapita kando. Upepo wake tu ndio unafika. Hata mimi siwezi kukuhakikishia. Lakini ukikaza kamba na mvua isije, umepoteza nini?"

Gelle alifikiri. "Sijapoteza kitu."

Hinda aliweka birika chini. "Kwa hivyo baba alikuwa na sababu," alisema polepole.

Baada ya siku tano, wingu lilisimama tena. Upepo ulivuma kuelekea kwake, ukatulia, kisha ukageuka. Gelle alishika kamba ya ngamia. Miguu ilitaka kuhama. Kichwa kilisema hili, moyo ulisema lile. Aliwatazama mbuzi wake ishirini na wawili. Alitazama vidole vya miguu yake.

"Hinda!" alipaza sauti. "Kaza kamba!"

Walikaza kamba zote. Waliingiza mbuzi ndani, penye vyombo na matandiko. Wa mwisho alipoingia, mvua ilipiga mikeka. Gelle alikaa na mbuzi wawili mapajani. Mwingine alikuwa anatafuna mto wake.

Mvua ilikatika kabla ya magharibi. Hinda aliwatoa nje akiwahesabu.

"Ishirini na wawili," alisema, huku machozi yakimtoka. "Wote, alhamdulillahi. Baba alijua, Gelle. Ila sababu hakutuambia."

Gelle alitoa simu mfukoni. Alimpigia ndugu yake Bare, aliyekuwa akichunga mbali kule Lafey. Siku zote salamu zao huwa ndefu. Jioni ile Gelle alizikata.

"Bare, sikiliza," alisema. "Upepo ukigeuka ukawa baridi, usifungue nyumba. Na nitakwambia kwa nini."