Je, Mungu Ana Mama?

Kila asubuhi Zulaika aliwasha sigiri nje ya mlango, akainjika uji wa mzazi. Nyumba ilikuwa ya Olal, mkwewe, askari polisi kutoka Gulu. Ilikuwa chumba na sebule katika nyumba za polisi kule Nsambya. Ndani alilala Jamilah, binti yake Zulaika, aliyejifungua mtoto wa kike siku kumi na moja zilizopita. Mtoto aliitwa Nabilah.

Zulaika alikuwa Mnubi wa Mbuya, Mwislamu. Alikuja kumtunza mzazi. Lakini hakuja peke yake. Adyero, mama yake Olal, naye alitoka Gulu kwa kazi ileile. Yeye alikuwa Mkatoliki. Bibi wawili, sigiri moja, mjukuu mmoja. Adyero hakujua Kinubi, Zulaika hakujua Kiacholi. Basi walisemezana kwa Kiswahili cha kambini, kila mmoja akikipinda awezavyo.

Kila jioni Adyero alikwenda kusali na Wakatoliki wenzake katika nyumba ya jirani. Askari wa pale ni wa makabila mengi, kwa hiyo walisali kwa Kiswahili. Siku moja Zulaika alikuwa akianua nguo za mtoto, akasikia kila neno.

"Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu."

Sauti zililirudia neno hilo tena na tena. Zulaika akasimama na nguo mkononi. Mama wa Mungu? Tangu utotoni alifundishwa kwamba Mungu hazai wala hazaliwi. Kumbe hawa watu wana mungu mke, alijiambia. Na mjukuu wangu analala katikati yao.

Tangu hapo hakutulia. Mwenye shaka hakosi ushahidi, na Zulaika aliupata upesi. Jumatatu alitandika kitanda cha Jamilah, akakuta rozari iliyokatika chini ya mto. Akairudisha palepale. Jumanne alirudi kutoka bombani, akamkuta Adyero ameinama juu ya beseni. Alikuwa amempakata mtoto, na kichwa cha mtoto kilikuwa kimelowa. Adyero alishtuka.

"Unafanya nini, mama Olal?"

"Naosha tu. Mtoto ametapika."

Zulaika alitazama sakafu. Hakuona matapishi. Moyoni akakata shauri. Mtoto amebatizwa kwa siri.

Hakumuuliza Adyero. Hakumuuliza hata Jamilah. Alikwenda nyuma ya nyumba akampigia simu mwanawe, Abdul-Latif.

"Alhamisi njoo na gari umchukue dada yako na mtoto."

"Kuna nini, mama?"

"Hawa wanamwabudu mwanamke. Na mtoto wamembatiza."

Adyero naye hakuwa mjinga. Aliona anavyotazamwa. Aliona mazungumzo yanakatika akiingia. Akaanza kuosha kikombe chake peke yake na kupika chakula chake peke yake. Alichopika Zulaika hakukigusa. Katikati yao Jamilah alikuwa akilia kimyakimya. Hakula vizuri, hakulala. Maziwa yakaanza kupungua, na mtoto akalia mchana kutwa.

Jumatano Olal alipokwenda kazini alipita kwa Florence, nyumba ya tatu, akamwomba aende kumtazama mtoto. Florence alikuwa mkunga mstaafu, mjane wa sajini. Pia alikuwa katekista, mwalimu wa dini katika parokia. Akaja na mizani yake ya kuning'iniza, akampima mtoto.

"Hajaongezeka," alisema. "Jamilah, unakula?"

"Nitakulaje, mama Florence? Nimemsikia mama kwenye simu, anataka kunihamisha. Mama mkwe hasemi na mtu. Nimekaa hapa kama mfungwa."

Florence alimfunika mtoto, kisha akawaita bibi wote wawili wakae mkekani. Alimgeukia Zulaika.

"Mama Jamilah, toa lililo moyoni. Sitakasirika."

Zulaika hakuzunguka. "Mnasema Mungu ana mama. Mama humtangulia mtoto. Je, Maria alikuwepo kabla ya Mungu?"

"Hapana. Maria aliumbwa na Mungu, kama wewe na mimi. Mkatoliki akisema Maria ni mungu, amepotea katika imani yake mwenyewe."

"Basi kila jioni mnasema uongo."

"Ngoja kwanza. Mimi nimezalisha wanawake zaidi ya miaka thelathini. Niambie, wewe ulimzaa Jamilah. Roho yake uliiumba wewe?"

"Roho inatoka kwa Mungu."

"Kwa hiyo wewe ni mama wa mwili wake tu?"

Zulaika alimtazama binti yake. "Mimi ni mama wa Jamilah. Jamilah mzima."

"Ndivyo. Mama ni mama wa mtu, si wa kipande cha mtu. Sasa sikiliza tunavyoamini sisi. Tunaamini Yesu ni mmoja tu, na huyo mmoja ni Mungu kweli na mtu kweli. Umungu wake hakuupata kwa Maria. Huo hauna mwanzo. Kwa Maria alipata mwili wetu, akazaliwa kama tulivyozaliwa sisi. Lakini aliyezaliwa ni yeye yule. Ndiyo maana tunamwita Maria Mama wa Mungu."

"Si mngesema mama wa Yesu, yakaisha?"

"Hilo pia tunasema. Zamani sana, karne ya tano, watu waligombania jambo hilohilo. Wengine walitaka aitwe mama wa Kristo tu. Maaskofu wakakutana katika mji wa Efeso. Waliona kwamba jina la Mama wa Mungu likikataliwa, Yesu atagawanywa kuwa wawili, mmoja Mungu na mwingine mtu. Kwa hiyo jina hilo halimfanyi Maria kuwa mungu. Linalinda tunachoamini juu ya mwanawe."

Zulaika alifikiri. Maelezo yalikuwa wazi, lakini shaka haitoki kwa siku moja. "Na mbona mnamwomba yeye?"

"Baada ya 'Mama wa Mungu' unasikia neno gani?"

"Utuombee."

"Mungu huambiwa atuombee? Kwa nani? Anayeabudiwa ni Mungu peke yake. Maria tunamheshimu, na tunamwomba atuombee kwa Mungu, kama unavyomwambia jirani yako akuombee dua."

Zulaika alikuwa amelisikia neno hilo kila jioni. Hakuwahi kulisikiliza. Lakini bado alikuwa na mwiba mmoja, akauchomoa.

"Na maji? Nilimwona huyu na maji kichwani mwa mtoto."

"Mtoto asiye katika hatari ya kufa habatizwi bila ridhaa ya wazazi," alisema Florence. "Hiyo ni sheria ya Kanisa. Lakini la juzi atalijibu mwenyewe."

Adyero aliinua uso. "Mtoto alitapika maziwa mpaka kwa nywele. Kitambaa nilitia ndani ya ndoo. Wewe mwenyewe ulikifua, mama Jamilah."

Zulaika akakumbuka. Jumanne ile alifua kitambaa kilichonuka maziwa yaliyochacha. Alikuwa amekifua kwa mikono yake huku akili iko mbali, inatafuta ushahidi. Uso ukamwiva kwa aibu.

"Na rozari ni yangu," Adyero aliendelea. "Siku ya uchungu Jamilah alishika mkono yangu. Rozari ilikuwa hapo mkononi. Alifinya mpaka ikakatika. Nikamwachia."

"Niliitunza ili niukumbuke mkono wake siku ile, mama," alisema Jamilah. "Niliogopa kukuambia, nikijua utafikiri mengine."

Adyero akasema polepole, "Mimi sina kusoma mingi. Lakini Maria alimwona mtoto wake akifa. Mimi nilizika wawili wakati wa vita kule kwetu. Mtu mwingine nikimwambia, ataniangalia tu. Yeye anajua. Ndiyo namwambia anisaidie kuomba, huyu mdogo akue."

Zulaika alinyoosha mkono, akamwekea Adyero begani.

"Nilikufikiria vibaya, mama Olal. Nisamehe."

"Na mimi nilifikiri unatia dawa kwa chakula, nirudi Gulu," alisema Adyero. "Nisamehe na mimi."

Alhamisi Abdul-Latif alifika na gari la kuazima. Hakutaka kuketi. Aliuliza mizigo iko wapi.

"Hakuna anayehama," alisema Zulaika.

Abdul-Latif alimtazama mama yake, kisha akamtazama Adyero. "Wamekugeuza?"

"Mimi ni Mwislamu, na nitakufa Mwislamu. Wanayosema juu ya Isa siyakubali, na wao wanajua kwamba siyakubali. Lakini hawana mungu mke. Maria kwao ni mtu, wanamheshimu. Mtoto hajabatizwa. Mimi nilikuambia jambo nisilolijua, mwanangu, nawe ukaliamini kwa kuwa nimelisema mimi."

Abdul-Latif hakuridhika. Aliingia akamuuliza dada yake, mlango ukiwa umefungwa. Alikaa huko kitambo. Alipotoka alivua viatu, akaketi mkekani, akapokea chai. Alimwamkia Adyero kwa heshima, ingawa jicho lake lilikuwa bado linapima. Jioni akaondoka na gari tupu.

Wiki iliyofuata Jamilah alikuwa anakula, na maziwa yalirudi. Florence alimpima mtoto, akatabasamu. Nabilah alikuwa ameongezeka.

Siku hiyo bibi wawili walikaa pamoja wakichambua mboga. Adyero alikuwa na jambo, likamchelewa mdomoni.

"Mama Jamilah, Florence anasema ninyi pia mnamjua Maria."

"Tunamwita Mariamu. Kitabu chetu kina sura yenye jina lake. Tunaamini alimzaa Isa akiwa bikira."

Adyero aliacha kuchambua. "Siku zote nilifikiri mnamchukia."

"Nani alikuambia?"

Adyero alitafuta jina la mtu, akalikosa. "Hakuna mtu. Nilifikiri tu."

Zulaika alisogeza sinia la mboga pembeni. "Basi kaa vizuri," alisema, "nikusimulie tunavyofundishwa habari zake."